Mgeni Asiyealikwa Tangini: Uchambuzi wa Kisa cha Zoanthidi Asiyetambuliwa

Kisa chenyewe si kirefu. Mkazi mmoja wa Marekani, aliyekuwa akifuga viumbe wa baharini katika tangi la maji ya chumvi nyumbani kwake, aliona kwamba humo tangini mmeota koloni la zoanthidi, wanyama laini wa baharini walio jamaa wa anemoni na huishi wakiwa wameungana kwa makundi, koloni ambalo hakulinunua wala kulikusudia. Wafugaji wa matangi wanaifahamu hali hii. Jiwe lililotoka baharini, au kipande cha tumbawe kilichonunuliwa kwa uzuri wake, huja na abiria wake, na abiria akiupenda mwanga na mkondo wa maji aliokuta, baada ya miezi kadhaa huwa amewafunika wenyeji. Mwenye tangi akaamua kuliangamiza koloni hilo kwa maji yanayochemka, njia ambayo wafugaji wengi hufundishana kwa ajili ya kuua anemoni sumbufu wa jenasi Aiptasia. Mvuke ukapanda, akauvuta, akapatwa na shambulio kali la njia ya hewa. Jonathan Deeds na wenzake, kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, walipolichunguza koloni hilo walikuta limejaa palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote ambazo wanakemia wamewahi kuzitenga kutoka katika kiumbe hai.

Kisa hiki husimuliwa kama ajali ya sumu, na ndivyo kilivyo. Hata hivyo, mimi nakisoma zaidi kama kisa cha utambuzi, kwa sababu kabla ya sumu kufika kifuani palikuwa na kiumbe aliyeonekana kila siku nyuma ya kioo, chini ya taa nzuri, kwa umbali wa shubiri chache, bila ya yeyote kuweza kusema ni nani. Kitendo cha kumwagia maji ya moto kinaonyesha kwamba swali lililoulizwa lilikuwa la mwenye shamba: anatakiwa au hatakiwi? Jibu la swali hilo lilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mbinu inayofaa kwa gugu mmoja ilihamishiwa kwa mwingine, na hakukuwa na jina la kumzuia mtu kufanya hivyo.

Tuanze na swali la kwa nini jina halikupatikana kwa macho.

Zoanthidi huuzwa katika rafu moja na matumbawe, na wafugaji huwaita matumbawe, lakini hawamo katika kundi la matumbawe ya mawe. Ni jamaa wa anemoni: polipu laini, yaani wanyama mmojammoja wanaounda koloni, kila mmoja akiwa na sahani yenye mdomo katikati na safu mbili za minyiri mifupi pembeni, na wote wakiwa wameunganishwa chini kwa utando wa nyama au kwa vitawi vinavyotambaa juu ya jiwe. Hawajengi kiunzi cha chokaa, na huko kukosa kiunzi ni nusu ya tatizo lote. Mtaalamu wa matumbawe ya mawe akishindwa kuamua kwa kutazama anaweza kukata kipande, akakilowesha katika dawa ya klorini hadi nyama itoke, kisha akavisoma vikombe vya chokaa kwa hadubini. Hata hapo kazi si rahisi. Acropora, tumbawe la mawe lenye matawi, aliyekulia chini ya taa, katika maji yasiyojua dhoruba, hutoa matawi yasiyofanana na ya ndugu yake wa mwambani, na majina yenyewe huhama: tumbawe ambalo wafanyabiashara walizoea kuliita Acanthastrea lordhowensis lilihamishiwa jenasi ya Micromussa mwaka 2016, huku vibandiko vya madukani vikibaki na jina la zamani. Lakini walau kuna kitu cha kusoma. Zoanthidi akifa huoza, akaacha jiwe tupu.

Matangi ya nyumbani yana jenasi mbili za zoanthidi kwa wingi, Zoanthus na Palythoa. Tofauti inayofundishwa kwanza ni ya mchanga: Palythoa huchukua chembe za mchanga na kuzizika ndani ya ukuta wa mwili wake, hata akikunjwa huhisika mkavu na mwenye mkwaruzo, ilhali Zoanthus hafanyi hivyo. Kwa kielelezo kilichotoka baharini juzi, mtu mwenye kioo cha kukuzia anaweza kuiona alama hiyo. Katika tangi lenye sakafu tupu, polipu waliozaliwa humo wanaweza kukosa mchanga wa kutosha, na alama ikafifia. Alama ya kuaminika zaidi imo ndani, katika msuli unaomfunga polipu, ambao kwa Zoanthus umegawanyika mara mbili na kwa Palythoa ni mmoja. Kuuona msuli huo kunahitaji kuikata nyama iwe myembamba kuliko karatasi, na hapo mchanga uleule uliotusaidia nje hugeuka adui, kwa kuwa huharibu wembe wa mashine ya kukatia. Wataalamu huuyeyusha kwanza kwa asidi ya hidrofloriki, kemikali ambayo hata katika maabara hushikwa kwa tahadhari kubwa. Hapo tumetafuta jenasi tu, spishi bado.

Kwa hiyo mfugaji hubaki na rangi. Rangi ndiyo inayouza, na ndiyo inayopewa majina: kila mchanganyiko wa kijani, chungwa na zambarau hupata jina lake la biashara, na bei yake, na wanaoukusanya. Kwamba rangi hizo hazina thamani kubwa katika uainishaji kunaonekana vizuri katika spishi ambayo jina lake linatuhusu. Mwaka 1900 mtaalamu wa wanyama Carlgren alimweleza zoanthidi kutoka Zanzibar na kumpa jina Zoanthus sansibaricus; anayeshuka pwani ya Unguja wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, anaweza kuwakuta jamaa hao kwenye miamba wakiwa wamejikunja kama vifundo vya kitambaa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, huko kusini mwa Japani, James Reimer na wenzake walichunguza jeni za Zoanthus waliokuwa wakidhaniwa kuwa spishi nne tofauti, na mwaka 2004 wakaonyesha kuwa ni spishi moja. Jina lililokuja kutumika kwa spishi hiyo ni lile la Zanzibar. Rangi za sahani za mdomo, ambazo mtu yeyote angeapa kwamba ni za viumbe mbalimbali, zilikuwa mavazi tu.

Turudi tangini. Kiumbe aliyepatikana katika mkondo wa uchunguzi huu ni Palythoa heliodiscus, jina linalotokana na maneno ya Kigiriki ya jua na sahani. Spishi hii ilielezwa na Ryland na Lancaster mwaka 2003, tena chini ya jenasi Protopalythoa, ambayo wataalamu wengi sasa wameiunganisha na Palythoa. Nalitaja hili kwa sababu linamwondolea mwenye tangi lawama kubwa. Kitabu chochote cha wafugaji kilichochapwa kabla ya mwaka 2003 kisingeweza kuwa na jina hilo. Kilichochapwa muda mfupi baadaye kingeliweka katika jenasi ambayo leo haitumiki sana. Na picha yake, ya polipu wa hudhurungi wasio na mvuto, isingepewa ukurasa mzima mbele ya ndugu zake wenye rangi za kanga.

Historia ya sumu yenyewe ina kosa la utambuzi mwanzoni kabisa, na siwezi kulipita. Wahawaii wa kisiwa cha Maui walijua tangu zamani kidimbwi kimoja cha pwani ambamo mliota kitu walichokiita limu make o Hana, yaani mwani wa mauti wa Hana, kilichosemekana kupakwa kwenye ncha za mikuki. Walichokiita mwani kilikuwa mnyama: Palythoa. Kutoka kwake wanakemia Moore na Scheuer walitangaza mwaka 1971 kuitenga palitoksini. Ni molekuli kubwa mno kwa kitu kisicho protini, yenye atomi 129 za kaboni, na kazi yake ni kuikamata pampu ya sodiamu na potasiamu katika utando wa seli na kuigeuza tundu lililo wazi, hata chumvi zikapita ovyo na seli ikapoteza mpangilio wake. Kwa panya, nanogramu 300 kwa kila kilo ya uzito zimetajwa kuwa kipimo kinachoua nusu ya waliodungwa. Wahawaii hawakukosea lolote la maana: walikosea ufalme wa kiumbe, lakini walijua mahali alipo, sura yake na anachofanya. Mfugaji wa leo aweza kuwa na jina la Kilatini kwenye kibandiko na asiwe na hata moja kati ya hayo matatu.

Kuhusu mvuke, yapo maelezo mafupi ya lazima. Molekuli kubwa kiasi hicho haigeuki kuwa hewa. Kinachoruka ni matone madogo ya maji yaliyobeba sumu iliyotoka katika seli zilizopasuka, na maji yanayochemka hufanya yote mawili kwa pamoja, hupasua seli na kurusha matone. Kwamba sumu za kundi hili huweza kusafiri hewani kulionekana kwa namna nyingine huko Genoa, Italia, mwaka 2005, ambapo watu wapatao 200 waliokuwa ufukweni au karibu nao walihitaji matibabu wakati mwani wa hadubini wa jenasi Ostreopsis, unaotoa sumu za jamii hiyo, ulipofurika baharini.

Sehemu ya kisa inayonivutia zaidi ni iliyofuata baada ya mgonjwa. Imani iliyokuwa imeenea ni kwamba zoanthidi wenye sumu kali hawauzwi katika biashara ya matangi ya nyumbani. Waliopo madukani ni wale wapole. Deeds na wenzake walikwenda kuijaribu imani hiyo katika maduka ya eneo la Washington, D.C. Walikusanya vielelezo vya zoanthidi, wakapima palitoksini, wakasoma sehemu mbili za jeni za kila kielelezo, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo. Katika maduka matatu walikuta vielelezo vinne vilivyoonekana kuwa vya spishi ileile ya tangi la kwanza. Vyote vinne vilikuwa na sumu kali, kuanzia miligramu 0.5 hadi 3.5 za sumu ghafi katika kila gramu ya zoanthidi. Miligramu 0.5 ni nanogramu 500,000; ziwekwe kando ya zile 300 za panya, ingawa panya si mtu na sumu ghafi si sumu safi, na ukubwa wa jambo utaonekana.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Jicho halikushindwa. Vielelezo vilivyolinganishwa kwa sura na koloni la kwanza vilithibitika kuwa na sumu, vyote, bila kukosa hata kimoja. Kwa hiyo si kweli, kama wafugaji wengine wanavyosema kwa kukata tamaa, kwamba zoanthidi hawatofautishwi kwa kutazama. Baada ya kujua unachokitafuta, sura husaidia sana. Kilichokosekana mwanzoni ni kamba ya kuifunga sura kwenye jina, na jina kwenye sumu. Mwuzaji alikuwa na sura na bei. Mtaalamu wa uainishaji alikuwa na jina na jeni. Mwanakemia alikuwa na sumu. Na hawa watatu walikutana kwa mara ya kwanza kwa sababu mtu aliumia.

Matokeo hayohayo yana upande wa pili unaosahaulika. Vielelezo vingine vilivyonunuliwa, wakiwemo Palythoa wa spishi nyingine, havikuwa na sumu ya kiwango hicho. Ushauri unaotolewa mara kwa mara, kwamba Zoanthus ni salama na Palythoa ni hatari, una sehemu ya ukweli lakini unakata kwa shoka penye kazi ya wembe. Anayeufuata kwa ukamilifu ataogopa makoloni mengi yasiyo na hatia, na baada ya miaka mitano ya kuogopa bure bila kudhurika ataacha kuogopa. Hapo ndipo koloni lenyewe litakapofika. Na ili aufuate inambidi kwanza ajue kutenganisha jenasi mbili, jambo ambalo tumeona linahitaji kwa uhakika wembe, hadubini na asidi. Jeni nazo hazitoi jibu la haraka kila mara, kwa kuwa vinasaba vya mitokondria katika jamii hii ya wanyama hubadilika polepole mno, na spishi mbili jirani huweza kuwa na msimbo uleule.

Ingedhaniwa kwamba nyaraka za forodha zingeziba pengo hili. Haziwezi. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, unayaweka matumbawe yote ya mawe katika Kiambatisho cha Pili, kwa hiyo tumbawe la mawe haliwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali chenye jina. Hata katika hayo, kwa jenasi nyingi hukubaliwa jina la jenasi pekee, kwa kuwa waliouandika utaratibu walijua kwamba afisa wa bandarini hawezi kutofautisha spishi ambazo wataalamu wanabishania. Zoanthidi hawamo katika orodha hiyo kabisa. Anaweza kutoka mwambani, akapita kwa msafirishaji, kwa mwagizaji, kwa muuza jumla na kwa muuza rejareja, na katika safari hiyo yote mkataba huo usimlazimishe mtu yeyote kuandika jina la spishi yake. Akija kama abiria juu ya jiwe, kama mgeni wetu, hata jina la biashara hana.

Athari za pengo hilo ziliendelea kuonekana. Mwezi Agosti 2014, huko Anchorage, Alaska, mwanamume mmoja alifika hospitalini akiwa na homa, udhaifu, kikohozi, maumivu ya misuli na ladha chungu ya metali mdomoni, saa saba hadi nane baada ya zoanthidi hai kuingizwa katika tangi la nyumbani kwake, na wengine wakaugua vilevile. Idara ya afya ya jimbo ilipoanza kuuliza, ilipata watu wengine waliokuwa wamepatwa na dalili za aina hiyo tangu mwaka 2012, majumbani na dukani. Ugumu wa utambuzi hapo ulihamia kwa daktari. Homa na kikohozi ni mlango wa magonjwa mia, dawa ya kuiondoa sumu hii haipo, na anayeumwa haoni sababu ya kutaja tangi lake la samaki asipoulizwa.

Je, mwenye tangi wa kisa chetu angeweza kufanya nini kabla ya kuchemsha maji? Kulipatia koloni lile jina la spishi, hapana. Hilo nimejaribu kulionyesha. Lakini angeweza kulieleza bila kulitaja. Picha mbili chini ya mwanga mweupe, si wa buluu unaogeuza kila kitu kuwa kito, moja polipu wakiwa wamefunguka na nyingine wamefunga. Upana wa sahani kwa milimita. Idadi ya minyiri. Kama chembe za mchanga zinaonekana ukutani. Kama polipu wamezama katika utando mmoja au wanasimama kila mmoja kwa shina lake. Tarehe ya jiwe kuingia na lilikotoka. Kwa maelezo hayo mtu mwenye ujuzi angefika kwenye Palythoa kwa uwezekano mkubwa, na hapo kanuni ingekuwa nyepesi: hakuna maji ya moto, hakuna kusugua, hakuna kuliacha jiwe likauke hewani ndani ya nyumba, na mikono na macho yafunikwe. Jiwe linaweza kutolewa zima likiwa bado ndani ya maji.

Akitaka kwenda mbele zaidi, apate spishi, utaratibu unajulikana: polipu mmoja akatwe, awekwe katika ethanoli kali, apelekwe maabara kwa ajili ya jeni. Ugumu wake ni kwamba polipu anapokatwa hutema majimaji, na katika spishi kama P. heliodiscus majimaji hayo yanaweza kuwa na kitu kilekile tunachotaka kujua kama kipo. Wapo wafugaji waliorushiwa jichoni wakati wa kukata vipande vya kupandikiza, na konea zao, utando angavu wa mbele ya jicho, zikaharibika. Koloni la kisa hiki lilipata kuchunguzwa na wanakemia kwa sababu lilikuwa limekwisha kumdhuru mtu, na kielelezo cha pili, cha tatu, cha nne na cha tano vilitambulika kwa kulinganishwa nalo, vikiwa bado vinauzwa.